Jinsi ya kupanga saa za seva zako zikae pamoja hata kama mojawapo inadanganya

Wakuu, saa ikifa haina shida, unajua imekufa, haijibu, unaitoa unaweka nyingine kazi inaendelea. Shida ni ile saa ambayo iko hai kabisa, inajibu haraka kuliko wenzake, na inachojibu ni uongo. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya hiyo ya pili, manake maelekezo mengi ya kupanga muda kwenye Linux yanaishia kwenye "sakinisha, washa, umemaliza" kama vile kila anayekupa saa ni mkweli.

Ofisi moja niliyofanya kazi miaka ya nyuma tulikua na seva tatu zinashughulikia miamala, siku moja logi zikaanza kuonyesha jibu limetoka kabla ombi halijaingia. Siku mbili tunatafuta kosa kwenye kodi, tunasoma mstari kwa mstari, usiku hatulali, kumbe seva moja iko mbele sekunde 11. Ilikua VM, yani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta nyingine, na mashine mama iliyoibeba ilikua inaipa saa yake yenyewe huku NTP, ile njia ya kompyuta kuulizana saa kwenye mtandao, nayo inairekebisha kwa upande wake, kila mmoja anavuta kwake. Hakuna kitu kilichozima, hakuna taa nyekundu popote. Toka siku hiyo nimekua nafuatilia sana hili jambo na ndio nimeona niwaandikie hatua ninazozifuata mimi.

Utahitaji mashine nne ndogo za Linux za kuwa seva za wakati, mimi nitaziita 10.0.0.11 mpaka 10.0.0.14, na seva zako za kawaida ambazo zitachukua muda kutoka kwa hizo nne. Programu ni chrony, ndio itakayouliza seva nyingine saa ngapi na kurekebisha saa ya mashine. Kama Ubuntu yako inatumia systemd-timesyncd jua kwamba ile inasikiliza seva moja kwa wakati mmoja tu, haipigi kura, kwaiyo kwa kazi hii haifai.

Hatua ya 1: jua saa yako inapotea kiasi gani

Ndani ya kompyuta kuna kipande cha kwatsi kinachotetemeka, na kila kipande kina tabia yake. Kosa la sehemu 50 kwa milioni ni la kawaida tu kwa vifaa vya bei ya kawaida, na hiyo ukipiga hesabu na sekunde 86,400 za siku unapata sekunde 4.3 kwa siku. Yani mashine mbili zilizowekwa sawa leo asubuhi, moja inakimbia moja inachelewa, kesho asubuhi zinaweza kuwa zimepishana sekunde nane na ushee bila mtu kuzigusa. Joto nalo linabadilisha, chumba cha seva ambacho kiyoyozi kimezima mchana utaona saa zinabadilisha mwendo.

Baada ya chrony kukaa siku moja piga `chronyc tracking` uangalie mstari wa Frequency, utakuonyesha saa ya mashine hiyo inakimbia au inachelewa kwa sehemu ngapi kwa milioni, andika pembeni kwa kila mashine. Ile yenye namba ya ajabu kuliko wenzake ndio ya kuiangalia kwa jicho la pili.

Hatua ya 2: amua unataka kustahimili waongo wangapi

Hapa ndio moyo wa jambo lenyewe, kwaiyo nitakaa kidogo.

Kiswahili tuna neno zuri kabisa, ndumilakuwili, nyoka wa vichwa viwili, mtu anayekupa wewe habari hii na jirani yako habari nyingine. Saa mbovu inaweza kuwa hivyo hivyo. Waya mbovu, kadi ya mtandao inayosuasua, programu yenye kosa, inamjibu mmoja hivi na mwingine vile. Wataalamu wanaliita kosa la Kibizanti, jina limetokana na makala ya majenerali wa Bizanti ya Lamport, Shostak na Pease ya mwaka 1982, na mwaka 1985 Lamport na Melliar-Smith wakatoa makala nyingine inayohusu saa moja kwa moja. Kazi hizi zilitoka kwenye mradi wa kompyuta ya kuongozea ndege, mahali ambapo huwezi kumwambia rubani asubiri tunawasha upya.

Sasa chukua saa tatu, A na B ni wakweli, C ni ndumilakuwili. A inasoma saa nne kamili, B inasoma saa nne na sekunde 10. C inamwambia A kwamba ni saa nne kasoro sekunde 10, alafu inamgeukia B inamwambia ni saa nne na sekunde 20. A akiangalia anaona B yuko mbele yake kwa 10, C yuko nyuma yake kwa 10, basi mimi niko katikati, sibadilishi kitu. B naye anaona A yuko nyuma kwa 10, C yuko mbele kwa 10, basi mimi ndio niko katikati, sibadilishi kitu. Wote wawili ni wakweli, wote wamefikiri vizuri, na hawatakutana kamwe, na kadri kwatsi zinavyopotea watazidi kuachana huku kila mmoja ana uhakika yuko sawa.

Ongeza wa nne, D, mkweli, anasoma saa nne na sekunde 5. Sheria ni hii: kila mmoja akusanye usomaji wote nne na wa kwake ukiwemo, atupe mkubwa kuliko wote, atupe mdogo kuliko wote, wanaobaki apige wastani. A ana 0, 10, 5 na uongo wa kasoro 10, anatupa kasoro 10 na 10, anabaki na 0 na 5, anapata 2.5. B ana 0, 10, 5 na uongo wa 20, anatupa 0 na 20, anabaki na 10 na 5, anapata 7.5. Walikua wamepishana sekunde 10, sasa wamepishana 5, na C kafanya uongo wake wote aliouweza. Raundi nyingine inakatika tena, mpaka inafika pale ambapo kinachobaki ni kosa la kupimana kwenye mtandao tu.

Ndio maana utasikia ile kanuni ya mara tatu jumlisha moja. Mwongo mmoja unahitaji saa 4, waongo wawili unahitaji 7, hiyo ni pale ambapo saa zenyewe zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe na hazina saini za kuthibitisha nani kasema nini. Kama wewe ni mteja tu unayewasikiliza wanaotoa muda na huulizwi na mtu, wingi wa kawaida unatosha, watatu kwa mwongo mmoja, lakini hapo akizima mmoja umebaki na wawili, na wawili wakibishana hakuna wa kuamua. Mimi naweka wanne siku zote, na mwongozo rasmi wa matumizi ya NTP wa mwaka 2019, RFC 8633, nao unasema angalau wanne.

Kwa nini usipige tu wastani wa wote? Chukua seva nne zinazosema umepishana nazo kwa milisekunde kasoro 1, 2, 3, na 900. Wastani wa wote ni 226. Tupa wa juu na wa chini, unabaki na 2 na 3, wastani 2.5. Mmoja kaharibika na bila kumtupa angekuharibia kila mtu.

Hatua ya 3: tafuta vyanzo ambavyo kweli ni tofauti

Watu wengi wanaanguka hapa. Wanaweka anwani nne wanaona wana vyanzo vinne, kumbe vyote vinne vinakunywa kisima kimoja.

Tarehe 19 Novemba 2012 seva mbili za muda za taasisi ya jeshi la majini la Marekani, zinajulikana kama tick na tock, zilirudi ghafla mwaka 2000. Hizo zilikua zinaheshimika dunia nzima, watu walikua wameziweka zote mbili kwenye konfigi wakidhani moja ikiharibika nyingine itawaokoa. Zote mbili zikasema uongo ule ule kwa pamoja. Mitandao ya ofisi ikaingia kwenye mwaka 2000, watu wakashindwa kuingia kwenye akaunti zao, manake mfumo wa Kerberos, ule unaothibitisha anayeingia ni nani, kwa kawaida unavumilia tofauti ya dakika 5 tu, sio miaka 12.

Alafu Januari 26, 2016, satelaiti moja ya zamani ya GPS iliondolewa kazini na baadhi ya satelaiti nyingine zikaanza kurusha taarifa ya muda iliyokosea kwa takriban mikrosekunde 13. Kwa NTP ya ofisini hizo mikrosekunde hata huzioni, lakini mitambo ya simu ilipiga kengele na redio za kidijitali Uingereza zikasumbuka. Nachotaka uone ni kwamba hata antena nne juu ya mapaa manne tofauti zikisikiliza GPS peke yake ni chanzo kimoja.

Kwaiyo fanya hivi, chukua baadhi kutoka kwenye bwawa la umma la Afrika, yani seva za watu mbalimbali zilizokusanywa chini ya jina moja, chukua moja ya taasisi ya vipimo ya Ujerumani, PTB, chukua moja ya Netnod ya Sweden, na kama una uwezo weka antena yako ya GPS iwe ya ziada. PTB na Netnod zote zinakubali NTS, ambayo ni njia ya kuthibitisha kwamba jibu limetoka kwa mwenyewe na halijabadilishwa njiani, imetoka rasmi mwaka 2020. Fayawoli iruhusu UDP 123, na kwa NTS ongeza TCP 4460. NTS haimzuii mwenyewe kukosea, inazuia mtu wa katikati tu, usichanganye hayo mawili.

Umbali una gharama yake. Kifurushi kikienda na kurudi kwa milisekunde 160 kutoka Dar mpaka Ulaya, hesabu ya NTP inachukulia kwamba kwenda na kurudi ni sawa, kama njia hazilingani kosa linaweza kufika mpaka nusu, yani milisekunde 80. Mtu wa mbali ni shahidi mzuri wa kukwambia fulani anadanganya kwa sekunde 40, lakini sio wa kukupa milisekunde moja.

Kitu kimoja zaidi na hiki ni muhimu: usichanganye seva za Google au ile ya ndani ya Amazon, 169.254.169.123, na seva za kawaida. Hao wakati wa sekunde ya nyongeza, ile sekunde moja inayoongezwa mara chache kwenye muda wa dunia, wanaitandaza kidogo kidogo kwa masaa 24 wakati wengine wanaiweka mara moja, kwaiyo siku hiyo wapo watakaopishana mpaka nusu sekunde na wote ni wakweli kwa namna yao, na upigaji kura wako unavurugika. Chagua kundi moja ukae nalo.

Hatua ya 4: panga seva nne za wakati

Sakinisha chrony kwenye zote nne. Faili liko /etc/chrony/chrony.conf kwa Ubuntu na Debian, na /etc/chrony.conf kwa familia ya Red Hat. Hii ni ya 10.0.0.11, kwenye nyingine badilisha tu anwani za wenzake, na mistari mingine iliyokuja na faili kama driftfile iache.

```
pool africa.pool.ntp.org iburst maxsources 4
server ptbtime1.ptb.de iburst nts
server nts.netnod.se iburst nts
server 10.0.0.12 iburst
server 10.0.0.13 iburst
server 10.0.0.14 iburst
makestep 1.0 3
maxchange 2 3 5
local stratum 10 orphan
allow 10.0.0.0/24
rtcsync
logchange 0.1
```

makestep 1.0 3 maana yake ni kwamba kwenye marekebisho matatu ya kwanza tu baada ya kuwaka, ikiwa imepishana zaidi ya sekunde moja iruke moja kwa moja, baada ya hapo isiruke tena, isogee taratibu. Saa inayoruka kurudi nyuma katikati ya kazi ni sumu kwa databesi, usije ukaweka kasoro 1 pale mwisho kwa sababu umeiona mahali, hiyo inairuhusu iruke wakati wowote.

maxchange 2 3 5 ni mlinzi wa mlango. Baada ya marekebisho matatu ya kwanza, ukiambiwa usogee zaidi ya sekunde 2 kataa, kataa mpaka mara tano, ya sita jizime kabisa. Seva ya wakati iliyojizima ni bora mara mia kuliko inayotangaza uongo, wateja wataona mmoja hayupo na wataendelea na watatu.

local stratum 10 orphan ni kwa ajili ya siku intaneti imekatika, na kwetu hizo siku zipo. Wale wanne watamfuata mmoja wao ili wasiachane, hata kama wote kwa pamoja wanapotea taratibu kutoka kwenye muda wa dunia. Elewa hapo umerudi kumwamini mmoja, ni makubaliano unayoyafanya kwa macho wazi. Ndio sababu hapa sijaweka minsources, ile idadi ya chini ya vyanzo vinavyotakiwa kabla ya kurekebisha saa, ukiiweka wakati wamebaki na kiongozi mmoja watakaa wanasubiri vyanzo vitatu ambavyo havipo.

Kama ni VM zima kabisa ile ya mashine mama kuwapa muda. Kwa VMware ni `vmware-toolbox-cmd timesync disable`. Ingekua tumefanya hivi ule mwaka tusingekosa usingizi, na kama unaweza seva za wakati zisiwe VM kabisa, kompyuta ndogo nne za kawaida zilizo kwenye swichi tofauti na umeme tofauti zinafanya kazi vizuri sana.

Hatua ya 5: panga wateja

```
server 10.0.0.11 iburst
server 10.0.0.12 iburst
server 10.0.0.13 iburst
server 10.0.0.14 iburst
minsources 3
makestep 1.0 3
maxchange 2 3 5
rtcsync
```

Hapa minsources 3 ipo. Wakiwa chini ya watatu mteja haguswi, anaendelea na mwendo wa saa yake aliokwisha jifunza. Ukiwa na kwatsi ambayo chrony imeshaijua vizuri unaweza kukaa masaa kadhaa bila madhara makubwa, na hayo masaa ni bora kuliko kufuata mmoja aliyebaki ambaye humjui.

Jambo la mwisho la hapa, usiweke mstari wowote wa pool uliokuja na faili, ufute, la sivyo wateja wako wanapiga kura na watu wa nje ambao hukuwapanga.

Hatua ya 6: jifunze kusoma alama

Piga `chronyc -n sources`. Mbele ya kila anwani kuna alama, nyota ni aliyechaguliwa, jumlisha ni anayechanganywa naye, kutoa ni mzuri lakini hachanganywi, alama ya kuuliza hafikiki au bado, mawimbi ni anayeyumba sana, na x ndio huyo tunayemtafuta, anayeonekana kusema uongo.

Inajuaje? Kila chanzo hakitoi namba moja, kinatoa namba na ukingo wa kosa lake. Wa kwanza anasema 10 pungufu au zaidi kwa 5, yani ukweli uko kati ya 5 na 15. Wa pili 12 kwa 4, kati ya 8 na 16. Wa tatu 9 kwa 6, kati ya 3 na 15. Wa nne 60 kwa 3, kati ya 57 na 63. Watatu wa kwanza wanakutana kati ya 8 na 15, wa nne hagusi popote, anapata x. Wazo hili lilitoka kwa Keith Marzullo, kwenye kazi yake ya udaktari pale Stanford mwaka 1984, na David Mills wa Delaware, mtu aliyeijenga NTP kwa miaka mingi mpaka alipofariki Januari 2024, akalitengeneza lifae kwenye mtandao. Angalia uzuri wake, aliye mnyenyekevu akasema sina uhakika sana hapigwi x haraka, anayepigwa ni yule anayejiamini kupita ukweli wake.

Kuona kila chanzo kinakunywa wapi piga `chronyc ntpdata` uangalie Reference ID. Ukikuta wote wanne wana ile ile, rudi hatua ya 3.

Hatua ya 7: iharibu mwenyewe

Usipokee neno langu, jaribu, lakini iwe maabara sio kwenye seva za kazi. Kwenye 10.0.0.14 zima chrony, futa server na pool zote na makestep, acha `local stratum 3` na allow tu, alafu:

```
date -s "+40 seconds"
systemctl start chrony
```

Kwa Red Hat jina ni chronyd. Subiri dakika kadhaa alafu mteja mmoja mpige `chronyc -n sources`, .14 atakua na x, wengine wako salama na saa ya mteja haijatikisika. Nilipoiona hiyo x mara ya kwanza nilifurahi kweli, kitu ambacho kingetugharimu siku mbili kimekamatwa ndani ya dakika.

Jaribio la pili, kwenye mteja toa minsources, acha .11 na .14 tu, washa upya. Wote wawili watapata x na logi itaandika `Can't synchronise: no majority`. Hapo mtu asikwambie tena kwamba seva mbili ni bora kuliko moja, moja ikidanganya mbili zinakuacha hujui umfuate nani.

Jaribio la tatu ndio lenye uchungu. Mfanye na .13 awe mbele sekunde 40 kama mwenzake, mteja mpe .11, .13 na .14, washa upya. Waongo wawili wanakubaliana, ni wengi, mkweli ndio anapata x, na mteja anaruka sekunde 40. Mfumo haujakosea, wewe uliahidi mwongo mmoja na wamekuja wawili. Na angalia jambo ambalo mimi sikuliona mpaka nilipojaribu: kama mteja alikua anaendelea na kazi, maxchange ingemzuia, lakini amewashwa upya katikati ya uongo na wakati wa kuwaka milango iko wazi. Kwaiyo siku ukiona alama za x zinaanza kuonekana, usiwashe upya seva hata moja mpaka ujue nani ni nani.

Hatua ya 8: iambie programu yako

Databesi isianze kabla saa haijakaa. Kabla ya kuiwasha piga `chronyc waitsync 60 0.05`, hiyo inajaribu mara 60 kila sekunde 10 mpaka tofauti iwe chini ya milisekunde 50, ikishindwa inarudisha kosa na databesi yako haiwaki. Kama unatumia databesi ya Cassandra hili ni la lazima, kule andiko lenye muhuri wa muda mkubwa ndio linashinda, kwaiyo pale muhuri unapowekwa na nodi, yani seva moja ya kundi, nodi iliyo mbele kwa sekunde 11 inaandika kitu, mteja anakibadilisha kupitia nodi nyingine sekunde 5 baadaye, na badiliko lake linafunikwa na la zamani bila kosa lolote kuandikwa. CockroachDB, databesi nyingine, ni wakali zaidi na mimi napenda ukali huo, kiwango chao cha kawaida ni milisekunde 500 na nodi ikijiona imepishana na angalau nusu ya wenzake kwa asilimia 80 ya hapo inajizima yenyewe. Google kwenye databesi yao ya Spanner walienda mbali zaidi, walieleza mwaka 2012 kwamba saa yao haitoi wakati mmoja, inatoa mwanzo na mwisho wa pale ukweli ulipo, na muamala unasubiri mpaka ule upana upite.

Wewe huna saa za atomiki lakini upana wako unaweza kuupata. Kwenye `chronyc tracking` chukua System time bila kujali alama yake, jumlisha Root dispersion, jumlisha nusu ya Root delay. Hicho ndio kiwango cha juu cha kosa ambacho chrony inaweza kukutetea, mradi vyanzo vyenyewe ni vya kweli. Weka skripti inasoma hiyo namba kila dakika na ikupigie kelele ikizidi kile databesi yako inachovumilia, sio ikizidi namba uliyoipenda. Ipige kelele pia kila inapoona x hata moja, hata kama kila kitu kinafanya kazi, manake x moja ina maana akiba yako ya waongo imeisha na wa pili akija huna kinga.

Kuhusu sekunde za nyongeza nitapita haraka, zimeongezwa 27 toka 1972, ya mwisho ilikua mwisho wa 2016, na mwaka 2022 mkutano mkuu wa vipimo uliamua utaratibu ubadilishwe ifikapo 2035. Lakini ile ya 2012 ilizikwamisha seva nyingi za Linux duniani kwa kosa la kwenye kernel, kile kiini cha Linux, kwetu ilikua Julai 1 saa tisa usiku, kwaiyo ukipata tangazo la nyingine jua itakuja saa tisa usiku kwa saa za kwetu, panga mtu awe macho.

Na mtu akikwambia hamia PTP, njia nyingine ya kulinganisha saa kwenye mtandao, upate usahihi chini ya mikrosekunde, ni kweli usahihi upo, ila PTP ya kawaida inachagua bwana mmoja na wote wanamfuata. Ukiihitaji kwa kazi yako itumie, na chrony yenye vyanzo vinne iache pembeni iwe shahidi, ikiona bwana wa PTP kapishana nayo kwa milisekunde kadhaa ikuamshe.